Sighișoara, Mediaș au Curtea de Argeș: Uchague Mji Gani Mdogo wa Kihistoria Romania?

Tangu tarehe 1 Januari 2025 Romania imo kikamilifu ndani ya eneo la Schengen. Kwa Mswahili anayeishi Ujerumani, Uholanzi au Sweden kwa kibali cha ukaazi, au ndugu aliyetoka Mombasa au Dar es Salaam na viza ya Schengen ambayo siku zake hazijaisha, maana yake ni kwamba haombi tena viza ya pili ili aione nchi hii. Kinachobaki ni kuchagua pa kwenda. Bucharest, Brașov na Sibiu zinajulikana. Lakini historia ya Romania iko karibu zaidi na macho katika miji midogo, ambako mji mkongwe wote unazungukwa kwa miguu na bado unabaki muda wa kukaa chini ukatazama.

Hapa tunailinganisha mitatu. Sighișoara na Mediaș iko Transylvania, kwenye bonde la mto Târnava Mare, na yote miwili ilijengwa na Wasaksoni, yaani walowezi wenye asili ya Kijerumani walioalikwa na wafalme wa Hungaria kuanzia karne ya 12. Curtea de Argeș iko ng'ambo ya pili ya milima ya Carpathia, upande wa kusini, katika Wallachia ya zamani. Huko watu walikuwa Waorthodoksi na watawala wao walikuwa wa kwao wenyewe.

Vigezo tulivyotumia

Mji wa kale wenye sifa kubwa unaweza kukuchosha bure ikiwa haulingani na safari yako. Kwa hiyo kila mji tumeupima kwa mambo matano: kufika kwake, hasa kwa asiye na gari, kilichopo cha kuona na kina chake, kazi inayoisubiri miguu, uwezekano wa kukuta milango imefungwa, na kulala na kula. Bei za tiketi hatukuziweka kwa sababu hubadilika. Euro moja ni takriban lei 5, na viingilio vya makanisa na majumba madogo ya makumbusho ni vya bei nafuu, ila mara nyingi hulipwa taslimu. Beba noti ndogo ndogo. Anayelinda mlango wa kanisa anaweza asiwe na chenji ya noti ya lei 200.

Kufika

Sighișoara iko kwenye reli kuu inayotoka Bucharest kupitia Brașov kuelekea Cluj. Kutoka Bucharest hesabu zaidi ya saa tano, na kutoka Brașov kama saa tatu. Kipande cha Brașov hadi Sighișoara kimekuwa kikifanyiwa ukarabati mkubwa kwa miaka, na treni huchelewa. Usipange kubadili treni kwa pengo la dakika 15. Acha saa nzima. Kutoka steshenini unateremka hadi kwenye kanisa kuu la Kiorthodoksi lililo kando ya mto, unavuka daraja la waenda kwa miguu, kisha unaanza kupanda. Bila mizigo mizito ni kama dakika 20 hadi langoni. Kwa gari ni kilomita 120 hivi kutoka Brașov na 90 hivi kutoka Sibiu. Gari liache chini ya kilima, kwani ndani ya ngome barabara si za magari ya wageni.

Mediaș iko kwenye reli hiyo hiyo, kama kilomita 40 magharibi zaidi, na ardhi yake kati ya stesheni na uwanja wa kati ni tambarare. Mwenye gari kutoka Sibiu anaendesha kilomita 55 hivi tu. Anayetoka Sibiu kwa treni aangalie ratiba vizuri, maana mara nyingi hulazimika kubadili treni Copșa Mică. Ni mji mdogo uliowahi kuwa maarufu kwa masizi ya viwanda vyake, na hauna kivutio cha kukupotezea saa mbili za kusubiri.

Curtea de Argeș ndio ulio karibu na Bucharest: kilomita 150 hivi, kwa barabara kuu ya A1 hadi Pitești, kisha DN7C. Kwa gari ni saa mbili hadi mbili na nusu. Asiye na gari atumie basi au basi dogo, moja kwa moja au kwa kubadili Pitești. Kosa la kawaida ni kuuliza basi la kwenda na kusahau la kurudi. Ulizia la mwisho la jioni kabla hujatoka kituoni, tena taja siku yenyewe, kwa sababu ratiba ya wikendi huwa tofauti.

Jambo moja kwa madereva: barabara za kitaifa za Romania zinadai ushuru unaoitwa rovinieta. Gari la kukodi ndani ya nchi kwa kawaida huwa nao tayari, lakini uliza. Gari lililotoka nje lazima ununue, na kamera ndizo zinazokagua.

Cha kuona

Sighișoara ni mji mzima. Hilo ndilo jambo lake kubwa, na ndilo lililoupatia nafasi katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1999. Ndani ya kuta watu bado wanaishi, wanaanika nguo, watoto wanakwenda shule. Minara ya ulinzi ilikuwa 14, na 9 imesimama hadi leo. Karibu kila mmoja ulikuwa mikononi mwa chama cha mafundi, ambao kazi yao ilikuwa kuujenga, kuutunza na kuupigania: washona nguo, watengeneza ngozi, washona viatu, wachinjaji, mafundi bati. Simama chini ya mnara wa mafundi bati uutazame polepole kuanzia chini. Kitako ni cha pembe nne, kiwiliwili kina pembe tano, juu yake pembe nane. Ukuta wake bado una alama za risasi za mzingiro wa mwaka 1704. Mnara wa wasuka kamba, ulio juu karibu na makaburi, umeendelea kuwa makazi ya mlinzi wa makaburi hayo.

Mnara wa saa una urefu wa mita 64. Moto wa mwaka 1676 uliuteketeza pamoja na sehemu kubwa ya mji, na paa lake la sasa limetokana na ujenzi mpya wa mwaka 1677. Vigae vya rangi viliongezwa mwaka 1894. Tangu 1899 ndani yake pamekuwa makumbusho, na kila ghorofa lina jambo lake. Wageni wengi huipita saa yenyewe bila kuielewa. Upande wa mji wa chini kuna sanamu saba za mbao, moja kwa kila siku ya juma. Upande wa ngome kuna Amani, Haki na Sheria, pamoja na malaika wawili: wa mchana, ambaye zamu yake huanza saa 12 asubuhi, na wa usiku, anayetokea saa 12 jioni akiwa na mishumaa miwili. Mtambo ukiwa unafanya kazi, fika dakika tano kabla ya saa 12 jioni usimame upande wa ndani. Vijinara vinne vya pembeni mwa paa navyo vina maana: vilitangaza kwamba baraza la mji lilikuwa na mamlaka ya kuhukumu hadi adhabu ya kifo. Utaviona tena Mediaș.

Kisha kuna ngazi za wanafunzi, ngazi za mbao zilizofunikwa paa mwaka 1642 ili watoto wa shule na waumini wapande kilimani wakati wa baridi bila kuanguka kwenye barafu. Juu kabisa liko Kanisa la Kilimani, la mtindo wa Kigothi, lenye mabaki ya michoro ya ukutani na chumba cha makaburi chini ya altare. Baada yake ingia makaburi ya Wasaksoni. Wageni wengi huishia mlangoni mwa kanisa, na ni hasara yao.

Mediaș haina mvuto wa mji mzima kama Sighișoara. Kuta zake zimebaki vipande vipande, na pembezoni utaona mji wa viwanda, maana hapa ndipo yalipo makao makuu ya kampuni za gesi asilia za nchi. Utajiri wake uko ndani ya boma moja, Kanisa la Mtakatifu Margareta lililozungushiwa ukuta wake lenyewe. Mnara wake, unaoitwa wa wapiga tarumbeta, una urefu wa mita 68 hivi na umeinama waziwazi. Usiutazame ukiwa chini yake. Nenda upande wa pili wa uwanja, uulinganishe na ukingo wa nyumba iliyonyooka, ndipo utauona mwinamo wake. Ndani ya kanisa, altare ya miaka ya 1480 hivi ina picha za mateso ya Yesu, na nyuma ya msalaba mchoraji ameuchora mji wa Vienna wa wakati wake. Katika kanisa hili, mwaka 1576, wajumbe wa Poland walikuja kwa Stefano Báthory, mtawala wa Transylvania waliyemchagua kuwa mfalme wao.

Msomaji wa pwani ana sababu ya pekee ya kuingia humo. Ukutani yametundikwa mazulia ya Anatolia, ambayo wafanyabiashara wa Kisaksoni waliyaleta kutoka nchi za Waturuki na kuyatoa kanisani kama sadaka au heshima. Baadhi yana umbo la mihrabu, kwa maana ni mtindo wa mazulia ya kuswalia. Yamening'inia katika kanisa la Kilutheri kwa karne kadhaa, yametunzwa, na hakuna aliyeona haja ya kuficha yalikotoka. Sighișoara nayo ina mkusanyiko wa namna hii katika Kanisa la Watawa, jirani na mnara wa saa. Mwenye macho ya kusoma nakshi asiikose hata mmoja.

Mediaș pia ina nyumba ya kumbukumbu ya Hermann Oberth, mmoja wa waasisi wa sayansi ya roketi, aliyekulia Sighișoara na baadaye akafundisha shule Mediaș. Ukiwa na kijana anayependa anga, nyumba hii peke yake inatosha kukushawishi ushuke kwenye treni. Uwanja wa kati una nyumba nzuri za karne za nyuma, ukiwemo mjengo wa Schuller wa mwaka 1588, na viti vya kutosha kwa anayetaka kupumzika.

Curtea de Argeș ni mambo mawili makubwa yaliyotengana mwendo wa dakika kama 20 kwa barabara nyepesi. La kwanza ni monasteri iliyojengwa na mtawala Neagoe Basarab na kuwekwa wakfu mwaka 1517. Uso wake wote ni jiwe la nakshi: mkanda uliosokotwa umelizunguka jengo, na juu kuna minara miwili midogo ambayo madirisha yake yamepinda kuzunguka hata mnara wenyewe unaonekana kama unajinyonga. Ngano ya Warumania inasema kuta zilikuwa zikianguka kila usiku, hadi fundi mkuu Manole alipomjengea mkewe ndani ya ukuta. Kisima chenye jina lake kiko ng'ambo ya barabara. Ndani wamelala wafalme Carol wa Kwanza na Ferdinand pamoja na malkia wao Elisabeth na Maria. Mfalme Mihai, aliyelazimishwa kuachia kiti mwaka 1947, alizikwa katika kanisa kuu jipya lililo jirani, Desemba 2017.

Ni vizuri ujue kwamba michoro unayoiona ndani ya monasteri ni ya karne ya 19. Mfaransa Lecomte du Noüy alilikarabati jengo kati ya 1875 na 1886, na michoro ya asili iliondolewa. Anayetaka rangi za kale aende jambo la pili: Kanisa la Kitawala la Mtakatifu Nikola, la karne ya 14, kuta zake zikiwa tabaka la matofali na tabaka la mawe ya mto. Michoro ya humo ni ya ufundi wa Kibizanti, na ukutani palikutwa maandishi yaliyokwaruzwa yanayotaja kifo cha Basarab, mwanzilishi wa Wallachia, katika mwaka wa 6860 kwa kalenda ya Kibizanti, yaani 1352. Makundi ya watalii hupiga picha monasterini na kuondoka bila kufika hapa. Ukifika asubuhi ya siku ya kazi unaweza kuwa peke yako.

Miguu na magoti

Sighișoara ndio mgumu. Mawe ya barabarani ni ya mviringo na huteleza mvua ikinyesha, mpando wa langoni ni mkali, na ngazi za wanafunzi pekee ni zaidi ya 170. Ndani ya mnara wa saa ngazi ni nyembamba. Kiti cha magurudumu hakitafika Kanisa la Kilimani, na kigari cha mtoto ni mzigo wa kubeba. Mbebe mtoto mgongoni. Mediaș ni mwepesi, isipokuwa kama mnara uko wazi na unataka kupanda. Curtea de Argeș ndio mwepesi kuliko yote: bustani, njia za lami, vidato vichache mlangoni.

Milango iliyofungwa

Hapa ndipo safari nyingi huharibika. Makumbusho ya Romania kwa kawaida hufungwa Jumatatu, na hili huigusa Sighișoara zaidi kwa sababu ndani ya mnara wa saa hutaingia. Mji wenyewe, kuta na ngazi, unabaki wazi siku zote. Majengo ya umri huu pia hufungwa kwa miezi kadhaa yakikarabatiwa, hivyo hakiki wiki ile ile unayosafiri.

Mediaș ina tatizo lake. Wasaksoni wengi walihamia Ujerumani, hasa baada ya utawala wa kikomunisti kuanguka mwaka 1989, na kanisa linatunzwa na jumuiya ndogo iliyobaki. Wakati wa baridi saa za kufungua hupungua, na Jumapili asubuhi ni ya ibada. Piga simu au andika siku mbili kabla, kisha ukifika lipa kiingilio kwa moyo mweupe, maana makanisa haya hutegemea sana fedha hizo kwa matengenezo.

Curtea de Argeș ni mahali pa ibada hai. Jumatatu haiathiri monasteri, lakini Jumapili asubuhi na sikukuu za Kiorthodoksi kuna misa na umati. Mabega na magoti yafunikwe. Kanga au mtandio begani unatosha. Uliza kabla ya kupiga picha ndani.

Kwenye mlango wowote, "închis" ni pamefungwa na "deschis" ni pamefunguliwa.

Kulala na kula

Sighișoara ina nyumba nyingi za wageni, hata ndani ya ngome. Mchana wa Julai na Agosti mabasi ya watalii huujaza uwanja wa kati, hasa kati ya saa 5 na saa 10. Wakiondoka, mji unarudi kuwa wa wenyeji. Kwa maoni yetu, anayekuja Sighișoara kwa saa tatu za mchana huona umati kuliko mji, na anayelala usiku mmoja huupata mji wenyewe jioni na alfajiri. Mwishoni mwa Julai kuna tamasha la zama za kati, na vyumba huisha mapema. Mediaș ina hoteli chache, zimelengwa zaidi kwa watu wa kazi, na haina msongamano. Curtea de Argeș hupata wageni wengi majira ya joto kwa sababu iko kwenye barabara ya milimani ya Transfăgărășan, ambayo sehemu yake ya juu kwa kawaida hufunguliwa kati ya Julai na Oktoba tu. Ukiendelea kuipanda unaweza kukutana na dubu kando ya barabara. Usishuke, usifungue dirisha, usiwape chakula.

Chakula hakitakupa shida. Mămăligă ni ugali wa mahindi ya njano. Nyama ya nguruwe iko kila mahali: "porc" ni nguruwe, "pui" ni kuku, "vită" ni ng'ombe. Asiyetaka nyama kabisa aulize chakula "de post", yaani cha mfungo wa Kiorthodoksi, kisicho na nyama, maziwa wala mayai. Supu ya maharage na mchicha wa msimu hupatikana hivyo.

Kuhusu Dracula

Wengi huchagua Sighișoara kwa sababu ya Vlad Țepeș, mtawala wa Wallachia anayehusishwa na hadithi ya Dracula, na anayedhaniwa kuzaliwa huko mwaka 1431. Nyumba inayoonyeshwa ni mkahawa leo, na cha kuona ndani ni kidogo. Ikiwa hiyo ndiyo sababu yako pekee, utaondoka na kinyongo. Ichukulie kama kituo cha dakika kumi.

Kwa hali yako

Una usiku mmoja na miguu yako ni mizima: Sighișoara. Fika saa 9 au 10 alasiri, weka mizigo, zunguka kuta jioni watu wakipungua, kisha asubuhi anza na mnara wa saa ukifunguliwa tu, Kanisa la Watawa, ngazi, Kanisa la Kilimani, makaburi. Hesabu saa nne bila kukimbia.

Una siku moja tu kutoka Bucharest na gari: Curtea de Argeș. Ondoka saa 1 asubuhi, anza na Kanisa la Kitawala, monasteri iwe ya pili, na kabla ya giza umerudi.

Unatembea na mzazi mwenye magoti mabovu, au mtoto wa kigari: Curtea de Argeș kwanza, Mediaș ikiwa uko Transylvania tayari. Sighișoara kwake iwe mji wa chini na uwanja wa ngome, si kilima.

Unapenda sanaa, mazulia na altare, na umati unakuchosha: Mediaș, kuanzia Mei hadi Septemba, siku ya kazi, baada ya kuthibitisha kwamba kanisa liko wazi.

Siku pekee uliyonayo ni Jumatatu: Curtea de Argeș, au Sighișoara ya nje bila mnara.

Una siku mbili na gari Transylvania: huna haja ya kuchagua kati ya Sighișoara na Mediaș. Lala Sighișoara, na asubuhi ya pili shika barabara ya DN14 kwenda Mediaș. Njiani, pinda kushoto kuelekea kijiji cha Biertan, kilomita chache ndani, kwenye kanisa lililozungushiwa kuta tatu na lililo katika orodha ya UNESCO tangu 1993. Lilikuwa makao ya maaskofu wa Kilutheri kuanzia 1572 hadi 1867. Humo omba uonyeshwe mlango wa chumba cha hazina: ufunguo mmoja unasukuma makomeo pande zote za mlango kwa mara moja, na kufuli hilo lilipelekwa kwenye maonyesho ya dunia ya Paris mwaka 1900.